Kanzidata imekataa muunganisho baada ya umeme kukatika: anza kwa kuuliza ni nani aliyejibu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninahudumia mfumo wa zahanati moja hapa Tanga. Tuna mashine mbili, zote Ubuntu 22.04. Moja ina programu ya mapokezi na dawa (192.168.1.20), nyingine ina kanzidata ya PostgreSQL 14 (192.168.1.10). Jumamosi umeme ulikatika mpaka UPS ikaisha chaji. Jumatatu programu haifanyi kazi, kila nikibonyeza inaleta hapo hapo:

    connection to server at "192.168.1.10", port 5432 failed: Connection refused
    Is the server running on that host and accepting TCP/IP connections?

Nimezima ufw (fayawoli ya Ubuntu), nimebadilisha nenosiri la mtumiaji, nimeongeza mstari wa host all all 0.0.0.0/0 trust kwenye pg_hba.conf, faili linaloamua nani aruhusiwe kuingia kwenye kanzidata. Bado. Cha ajabu, nikikaa kwenye seva yenyewe nikaandika sudo -u postgres psql naingia bila shida na data zote naziona. Nikiuliza systemctl status postgresql inasema active. Wenzangu wananishauri niondoe PostgreSQL niisimike upya. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole. Mapokezi yakisimama zahanati nzima inasimama, nalijua hilo.

Usiondoe PostgreSQL. Data unaziona, kwa hiyo kanzidata ni nzima na hitilafu iko kati yake na programu yako. Kusimika upya hakutaigusa hitilafu hiyo, ila kunaweza kuzigusa data: kwenye Ubuntu, ukiondoa kifurushi cha PostgreSQL kwa purge utaulizwa kama saraka ya data nayo ifutwe, na mtu aliyechoka saa tano usiku hujibu ndiyo. Kabla ya lolote, toa nakala:

    sudo -u postgres pg_dumpall | gzip > ~/nakala.sql.gz

Iweke kwenye flash, kisha uichomoe flash hiyo kwenye mashine. Na ule mstari wa trust ufute sasa hivi, usisubiri tumalize. Maana yake ni kwamba yeyote aliyeunganishwa na mtandao wa zahanati, hata mgonjwa aliyepewa Wi-Fi, siku poti ikifunguka ataingia kwenye kanzidata kwa jina la postgres, mtumiaji mkuu, bila kuulizwa nenosiri. Hizo ni kumbukumbu za wagonjwa.

Sasa tuusome ujumbe wako, kwa sababu una habari nyingi kuliko unavyoonekana. Programu inapotaka kuungana na mashine nyingine kwa TCP (utaratibu wa kufungua mazungumzo kwenye mtandao), hutuma kwanza pakiti iitwayo SYN. Kule ikiwepo programu inayosikiliza kwenye poti iliyotajwa, mashine hujibu SYN-ACK na mazungumzo huanza. Asipokuwepo wa kusikiliza, keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mashine ile hurudisha pakiti ya kukataa, RST, papo hapo, na Linux ya upande wako huigeuza kuwa kosa namba 111, ambalo ndilo hilo "Connection refused". Utaratibu huu uliandikwa kwenye hati ya viwango vya intaneti, RFC 793, mwaka 1981 na umebaki vile vile kwenye RFC 9293 iliyochukua nafasi yake mwaka 2022. Kwa hiyo pakiti yako ilifika mahali, mahali pale pana mashine iliyo hai, na mashine hiyo imekujibu. Umepiga hodi, na mtu ameitikia kutoka ndani kwamba unayemtafuta hayupo. Kazi yetu ni kujua nani aliyeitikia, na kwa nini PostgreSQL haikuwa mlangoni.

Pakiti zingekuwa zinamezwa njiani, ungeona kitu tofauti kabisa. Linux ingeirudia SYN ile ile mara sita, kila mara ikisubiri maradufu ya mwanzo, na ingekata tamaa baada ya sekunde kama 127 kwa ujumbe wa "Connection timed out". Hivyo ndivyo ufw inavyofanya ikiwa imewashwa na poti 5432 haijaruhusiwa: hainyanyui sauti, humeza tu. Ndiyo maana neno lako la "hapo hapo" lina uzito kuliko yote uliyoandika. Kosa linalorudi papo hapo ni jibu, na linalochukua dakika mbili ni kimya. Ufw yako, kama haina kanuni ya reject iliyoandikwa na mtu kwa mkono, haikuwa na kosa tangu mwanzo. Ukikutana na "No route to host", hiyo ni ya tatu, na mara nyingi mashine haionekani kabisa kwenye mtandao, au kuna fayawoli inayojibu kwa niaba yake.

Nenosiri na pg_hba.conf navyo havihusiki, na ningependa ulishike hili kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza siku nzima. Vitu hivyo viwili husomwa na PostgreSQL yenyewe, baada ya TCP kufunguka. Nenosiri likiwa baya utaambiwa "password authentication failed for user". Mstari ukikosekana kwenye pg_hba.conf utaambiwa "no pg_hba.conf entry for host", na anwani yako itatajwa. Wateja wakizidi idadi iliyowekwa, ambayo kwa kawaida ni 100, utasikia "sorry, too many clients already". Na seva ikiwa bado inajirekebisha baada ya umeme kukatika, itasema "the database system is starting up", na hapo dawa ni kusubiri. Jumbe zote hizo hutanguliwa na neno FATAL, na zote ni sauti ya PostgreSQL. Ukizisikia, shukuru: mtandao umeshapita. Wako hauna FATAL. PostgreSQL haijawahi kuisikia programu yako tangu Jumatatu.

Mbona basi ukiwa kwenye seva unaingia? Kwa sababu psql usipoipa anwani haipiti kwenye TCP kabisa. Inatumia soketi ya Unix, faili maalumu lililoko /var/run/postgresql, ambalo halina anwani ya IP wala halipiti kwenye kadi ya mtandao. Jaribio hilo linathibitisha jambo moja tu, kwamba PostgreSQL iko hai. Jaribu kwa njia mbili hizi, ukiwa kwenye seva hiyo hiyo:

    psql -h 127.0.0.1 -U postgres
    psql -h 192.168.1.10 -U postgres

Usijali nenosiri. Ninachotaka uone ni kama utaulizwa nenosiri au utakataliwa kwa "Connection refused". Ninatarajia ya kwanza ikuulize nenosiri na ya pili ikukatalie. Ikiwa hivyo, umeshaitoa swichi, nyaya na mashine ya pili kwenye orodha ya watuhumiwa, kwa sababu hapo hakuna pakiti iliyotoka nje ya seva.

Kisha uliza keneli nani anasikiliza wapi:

    sudo ss -ltnp | grep postgres

Amri hii ndiyo kiini cha jibu langu lote. Itakupa mstari kama huu:

    LISTEN 0 244 127.0.0.1:5432 0.0.0.0:* users:(("postgres",pid=912,fd=6))

Tazama safu ya anwani iliyoko kabla ya 5432. Ikiwa ni 127.0.0.1 peke yake, PostgreSQL inawasikiliza walioko ndani ya mashine hiyo tu, na anayetoka nje atajibiwa RST na keneli. Ikiwa ni 0.0.0.0, inasikiliza kwenye anwani zote za IPv4 za mashine. Ikiwa ni 192.168.1.10, ni hiyo tu. Na ikiwa namba ya mwisho ni 5433 badala ya 5432, uko kwenye poti nyingine. Hutokea mashine inapokuwa na matoleo mawili ya PostgreSQL kwa pamoja, kwa sababu Ubuntu hulipa toleo la pili poti inayofuata. Amri ya pg_lsclusters itakuonyesha klasta zote (yaani kila PostgreSQL iliyosimikwa kwenye mashine pamoja na data zake), poti zake, na ipi iko juu, ipi imelala.

Kwa maelezo yako nabashiri utaona 127.0.0.1 peke yake. Swali la haki litakuwa: mbona ilikuwa inafanya kazi mpaka Ijumaa? Hapa pana njia mbili, na zote zinaanzia kwenye mpangilio uitwao listen_addresses. PostgreSQL ikitoka kiwandani huwa na thamani ya 'localhost', yaani mashine yenyewe tu, kwa hiyo ni lazima kuna mtu aliyeibadilisha siku mfumo wenu uliposimikwa. Ingia kwa psql yako ya kawaida uulize:

    SHOW listen_addresses;
    SHOW port;
    SELECT name, setting, sourcefile, sourceline FROM pg_settings WHERE name IN ('listen_addresses','port');

Swali la tatu linakutajia faili na mstari ambako thamani imetoka, na hilo litakuokoa. Wengi huhariri /etc/postgresql/14/main/postgresql.conf kwa bidii wakati thamani inayotumika inatoka kwingine. Mtu akiwahi kutumia ALTER SYSTEM, thamani huandikwa kwenye postgresql.auto.conf ndani ya saraka ya data, na hiyo hushinda ile ya faili kuu. Ndani ya faili moja pia, mpangilio ukiandikwa mara mbili, wa chini ndio unaoshika.

Njia ya kwanza ni hii. Kubadilika kwa listen_addresses hakufanyi kazi mpaka PostgreSQL izimwe na kuwashwa, reload, yaani kusoma upya mipangilio bila kuzima, haitoshi. Basi yawezekana miezi mitatu iliyopita mtu alibadilisha faili, au alirudisha faili la zamani. Seva iliendelea na mpangilio wa zamani uliokuwa kwenye kumbukumbu yake, na kila mtu akaona mambo ni shwari. Jumamosi umeme ukakatika, ikawaka upya, ikasoma faili kama lilivyo. Umeme haukuharibu kitu. Ulilazimisha kosa la zamani lionekane. SHOW ikijibu "localhost", ni njia hii, na dawa yake ni kurekebisha thamani hiyo kisha kuwasha PostgreSQL upya.

Njia ya pili ni ya hila zaidi, na ndiyo ninayoishuku. SHOW itajibu vizuri kabisa, labda "localhost,192.168.1.10", halafu ss inaonyesha 127.0.0.1 tu. Mipangilio ni sahihi na usikilizaji si sahihi. Sababu yake ni wakati. Umeme ulipowaka, vifaa vyote viliwaka pamoja: seva, swichi, ruta. PostgreSQL ikaamka kabla kadi ya mtandao haijapata anwani yake, ikajaribu kukaa kwenye 192.168.1.10, keneli ikaiambia anwani hiyo mashine haina. PostgreSQL ikipata walau anwani moja kati ya ilizoagizwa haifi. Inaandika onyo kwenye logi na kuendelea na ile iliyopatikana. Baada ya sekunde chache kadi ikapata anwani, lakini PostgreSQL hairudi kujaribu tena. Itakaa hivyo mpaka mtu aiwashe upya. Thibitisha:

    sudo grep -E "bind|listen" /var/log/postgresql/postgresql-14-main.log | tail -20

Ukikuta maneno "could not bind IPv4 address" yakifuatana na "Cannot assign requested address", na chini yake "could not create listen socket", umempata mhusika. Logi hiyo ingekuwa mahali pa kwanza kutazama siku ya Jumatatu, kabla ya kugusa faili lolote. PostgreSQL huandika waziwazi kila ikiwaka: "listening on IPv4 address", ikataja anwani na poti. Kama mstari wenye anwani yako haupo, hausikilizwi, hata mafaili yaseme nini.

Dawa ya haraka kwa njia ya pili ni moja:

    sudo systemctl restart postgresql@14-main

Mapokezi yatarudi ndani ya sekunde. Lakini umeme utakatika tena, kwa hiyo tibu chanzo. Unaweza kuiagiza systemd, msimamizi wa huduma za Linux, isiwashe PostgreSQL mpaka mtandao uwe tayari, kwa kuandika sudo systemctl edit postgresql@14-main na kuweka:

    [Unit]
    Wants=network-online.target
    After=network-online.target

Hiyo inafanya kazi, ila ina udhaifu: swichi ikichelewa sana kuwaka, systemd itachoka kusubiri na mtarudi pale pale. Mimi napendelea listen_addresses = '*'. Hapo PostgreSQL inakaa kwenye 0.0.0.0, ambayo haitegemei kadi iwe na anwani wakati huo. Anwani ikija baadaye, tayari inasikilizwa. Najua utasoma mahali kwamba nyota ni uzembe wa usalama. Ni uzembe kweli kwenye mashine yenye anwani ya intaneti isiyo na fayawoli. Kwenye seva iliyo nyuma ya ruta, yenye ufw inayoruhusu mashine moja tu na pg_hba.conf inayotaja mtumiaji mmoja tu, nyota ni chaguo la busara, kwa sababu ulinzi umeuweka kwenye tabaka zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiikosa moja kati ya hizo mbili, usiiweke nyota.

Sasa chukulia nimekosea, na ss inaonyesha 0.0.0.0:5432 au 192.168.1.10:5432, na bado mashine ya programu inakataliwa. Hapo swali la kichwa cha habari linakuwa la kweli: huenda anayejibu si seva yako. Kwenye seva ya kanzidata andika:

    ip -br addr

Kama anwani ya seva ilikuwa inatolewa na ruta kwa DHCP (ugawaji wa anwani wa moja kwa moja) bila kuwekewa akiba, baada ya kila kitu kuzimika na kuwaka inaweza kuwa imepewa nyingine, tuseme 192.168.1.37, na 192.168.1.10 ikaenda kwa printa au kamera. Printa haina PostgreSQL, ila ina TCP, na itakujibu RST kwa adabu zote. Ujumbe utakuwa ule ule herufi kwa herufi. Kutoka mashine ya programu piga nc -vz 192.168.1.10 5432, halafu mara moja ip neigh show 192.168.1.10, uone anwani ya MAC, yaani utambulisho wa kadi ya mtandao, ya aliyejibu. Ilinganishe na ile inayoonyeshwa na ip -br link kwenye seva. Zikitofautiana, umekuwa ukizungumza na mgeni.

Ushahidi usio na ubishi ni tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita. Ifungue kwenye seva ya kanzidata:

    sudo tcpdump -ni any "port 5432 or icmp"

kisha jaribu kuunganisha kutoka kwenye programu. Ukiona Flags [S] ikiingia na Flags [R.] ikitoka, keneli ya seva hii ndiyo iliyokataa, na jibu liko kwenye ss. Ukiona [S] ikiingia na ICMP (ujumbe wa mtandao wa kutoa taarifa za makosa) ya "port unreachable" ikitoka, kuna kanuni ya REJECT kwenye fayawoli ya seva hii. Linux ya upande wa pili huonyesha hiyo nayo kama "Connection refused", kwa hiyo usidanganyike na jina. Na usipoona kitu chochote huku programu ikikataliwa, pakiti hazifiki hapa: ni mgeni wa anwani, ni fayawoli ya katikati, au programu yenyewe inaelekezwa kwingine. Kwa hili la mwisho, soma faili la mipangilio ya programu kwa macho yako, usitegemee kumbukumbu. Mafaili hayo mara nyingi huwa yamejaa localhost za siku za majaribio.

Localhost yenyewe ina mitego miwili ambayo kwako haihusiki, ila wasomaji wengine wataikuta. Ndani ya kontena la Docker (chumba kilichotengwa cha kuendeshea programu), localhost ni kontena lenyewe, si mashine iliyolibeba. Programu iliyoko kwenye kontena moja ikiitafuta kanzidata ya kontena jingine kwa localhost itakataliwa kila mara, na inatakiwa kutumia jina la huduma. Mtego wa pili ni IPv6: jina localhost linaweza kumaanisha ::1 au 127.0.0.1, na kanzidata inayosikiliza moja haisikii nyingine. Node.js, jukwaa la kuendeshea programu za JavaScript, tangu toleo la 17 haipangi tena anwani za IPv4 mbele, hivyo programu iliyokuwa ikifika 127.0.0.1 ikajikuta inagonga ::1. Kuandika 127.0.0.1 badala ya jina kunamaliza kesi.

Nirudi kwenye neno ulilolitegemea, active. Kwenye Ubuntu na Debian, huduma iitwayo postgresql ni mwavuli tu. Ukiitazama vizuri inasema "active (exited)", na itasema hivyo hata klasta ikiwa imeanguka muda mrefu. Huduma halisi ni postgresql@14-main. Wewe una bahati kwamba klasta iko hai, lakini izoee amri ya kweli:

    systemctl status postgresql@14-main
    pg_lsclusters

Siku ukikuta klasta iko down baada ya umeme kukatika, usianze kubahatisha, soma mwisho wa logi. Sababu ninayokutana nayo zaidi ni diski kujaa: "No space left on device". Fungua nafasi kwingine, kwenye logi za zamani au nakala zilizorundikana, na kamwe usifute mafaili yaliyo ndani ya pg_wal hata yaonekane kama takataka. Hizo ndizo kumbukumbu ambazo PostgreSQL inazisoma ili kujirekebisha baada ya kuzimika ghafla. Ukizifuta umeziharibu data kwa mkono wako. Vivyo hivyo pg_resetwal, ambayo utaona inapendekezwa kama tiba: ni ya mtu ambaye ameshakubali kupoteza sehemu ya data. Na ukiambiwa "lock file "postmaster.pid" already exists", angalia kwanza kwa ps aux | grep postgres kama kuna PostgreSQL nyingine inayoendesha saraka ile ile. Ikiwepo, faili hilo linakulinda, liache.

Tumalizie kwa kufunga milango uliyoifungua. Kwenye pg_hba.conf, mahali ulipoondoa trust, weka mstari unaotaja kanzidata, mtumiaji na mashine moja, ukibadilisha majina yawe ya kwenu:

    host zahanati mapokezi 192.168.1.20/32 scram-sha-256

PostgreSQL husoma faili hilo kutoka juu na kutumia mstari wa kwanza unaolingana, kwa hiyo kama trust imebaki popote juu ya huu, huu haujawahi kusomwa. Mabadiliko haya, tofauti na ya listen_addresses, yanatosheka na sudo systemctl reload postgresql@14-main. Nenosiri jipya uliloweka liingize pia kwenye mipangilio ya programu. Ukisahau, mtandao utapona na utapokelewa na FATAL ya nenosiri, ukadhani ni ugonjwa mpya. Kisha urudishe ufw, na kwa mpangilio huu, hasa ikiwa unaingia kwenye seva kwa SSH, vinginevyo utajifungia nje:

    sudo ufw allow OpenSSH
    sudo ufw allow from 192.168.1.20 to any port 5432 proto tcp
    sudo ufw enable

Hakikisha pia anwani 192.168.1.10 ni ya kudumu, ama kwa kuiandika kwenye netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu) nje ya zile ambazo ruta huzigawa, ama kwa kuiwekea akiba kwenye ruta.

Zahanati ikifunga jioni, zima seva, swichi na ruta kwa makusudi, viwashe vyote kwa pamoja kama umeme unavyofanya, usiguse kitu, halafu kutoka mashine ya programu piga nc -vz 192.168.1.10 5432. Ikikataa, una usiku mzima wa kuitengeneza bila foleni ya wagonjwa. Ikiendelea kugoma, nitumie matokeo ya ss, ya pg_lsclusters na mistari 20 ya mwisho ya logi, kama yalivyo, bila kuyafupisha.